Sura Aliyoichagua Bibi Anyosisye

Kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni mtu kuniambia "nakumbuka kama jana". Jana yenyewe unaikumbuka? Jana mchana ulikula nini, na nani, mlikaa wapi? Basi nyamaza. Lakini kwetu Mpuguso yuko mtu mmoja aliyekuwa akisema hivyo na hakuna aliyethubutu kumbishia. Huyo ni bibi yangu mzaa baba, Anyosisye, miaka themanini na mbili, mwembamba, mwenye mdomo.

Watu walikuwa wanatoka mpaka Lupepo kuja kumuuliza walizaliwa lini. Sitanii. Vitambulisho vya taifa vilipokuja, wazee wengi walifika dirishani wakaulizwa tarehe ya kuzaliwa, wakabaki wanatazama dari. Wakarudi nyumbani, wakaja kwa Bibi. Bibi anamkagua mtu, anamuuliza mama yake ni nani, halafu anaanza: "Wewe ulizaliwa mwaka ule mvua iliondoka na kivuko cha kule chini. Mama yako alikuwa ananisaidia kupalilia, akaacha jembe mgombani akakimbilia nyumbani. Andika sitini na nane, mwezi wa nne." Mtu anaandika. Kuna wazee kibao huku kwetu tarehe zao zilitoka mdomoni mwa bibi yangu, na serikali imezipokea vizuri tu. Msibani ndiyo usiseme. Wengine wanasoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi huku wanakosea majina ya watoto. Bibi anasimama mikono mitupu, anaanzia kwa babu wa marehemu, na watu wanaacha kulia ili wasikie.

Mimi ni Jenifer. Nina duka la kutoa kopi na kuprinti fulana karibu na stendi ya Tukuyu, na mimi ndiye niliyeharibu mambo, kwa hiyo acheni nisimulie mwenyewe kabla hawajanisimulia.

Bibi aliolewa mwaka hamsini na tisa, akiwa na miaka kumi na saba, akaletwa kwenye nyumba ya Mzee Erasto, baba yake babu yangu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Siku hizi imelegea, wapo wanaokaa nao sebuleni wakatazama taarifa ya habari pamoja, lakini zamani haikuwa na mchezo. Ukimsikia anakohoa, mbio mgombani. Ukimkuta njiani, unachuchumaa pembeni na kujifunika kanga mpaka apite. Hata jina lake hulitaji. Bibi akisimulia hayo anaigiza kabisa: anaacha kikombe, anajifunika, anachungulia, anatukimbiza sisi wajukuu mpaka mtu anapaliwa chai. "Siku moja nimekimbia na chungu kichwani, maharage yamenimwagikia mgongo mzima, na sikupiga kelele!" Tunacheka tunafutana machozi.

Na papo hapo, chai haijapoa, anaanza kutueleza huyo baba mkwe alivyokuwa. Alikuwa mrefu, lazima ainame mlangoni. Kifua hiki hapa. Masharubu meusi, yamechongwa pande mbili. Akisimama kanisani, mchungaji mwenyewe anaonekana mdogo. Tumesikiliza hivyo miaka na miaka, tumeitikia, tumeomba aongeze.

Mtu aliyesikiliza kuliko wote ni Babu Abrahamu. Huyu ni kitinda mimba wa Mzee Erasto, mdogo wake babu yangu, ana miaka sitini. Baba yake alifariki mwaka sitini na saba, yeye ana miaka mitatu, mama yake akafuata baada ya miezi michache. Babu yangu Ambilikile alikuwa kazini migodini Zambia, akafia hukohuko mwaka sabini na moja. Kwa hiyo Bibi akamlea shemeji yake pamoja na mwanawe, yaani baba yangu, na Babu Abrahamu hajawahi kumwita shemeji hata siku moja. Anamwita juba, ndivyo tunavyoita mama.

Sasa Babu Abrahamu ni mfupi. Si mfupi wa kusema "si mrefu sana", ni mfupi. Alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, na watu barabarani walidhani lori linajiendesha. Tangu mtoto amesikia baba yake alikuwa mtu wa kuinama mlangoni, na tangu mtoto amesikia pia wale wasio na kazi, waliomjua mzee kwa hadithi za Bibi tu, wakiulizana, mtoto huyu ufupi ameutoa wapi, mbona baba alikuwa mnazi? Wengine walikwenda mbali zaidi, wakataja na jina la jirani. Bibi alikuwa akiwasikia anawafukuza na mwiko. Lakini maneno hayafukuziki na mwiko. Babu Abrahamu akafuga masharubu tangu ana miaka ishirini, akayachonga pande mbili, na hajayanyoa mpaka leo. Nilikuwa nayaona ya kuchekesha. Siku moja ndani ya duka langu aliniambia, bila kuniangalia, "Jenifer, mimi sijawahi kuiona sura ya baba. Hata picha. Ningeiona mara moja tu, nijue mimi ni wa nani." Nikaacha kucheka.

Ndiyo maana nikahangaika. Mzee Erasto alikuwa mmoja wa watu waliobeba mawe ya kujenga kanisa, na nikasikia kuna familia Kiwira ina picha ya siku ya kumaliza, mwaka sitini na mbili. Nikaenda. Nikamkuta kijana wa nyumba hiyo, Jackson, akanipa picha kwenye bahasha bila hiyana. "Babu yetu naye yumo," akasema, "ila mimi sijui ni yupi. Dada Winfrida ndiye anayejua, yuko Tunduma." Nikasema haina shida. Picha ina wanaume kumi na wawili wamejipanga mbele ya ukuta, na nyuma wameandika majina, lakini unyevu wa huku mnaujua, umeyala yote ukabakiza herufi tatu nne.

Nikaiskani, nikaikuza, nikazikata sura zote kumi na mbili, moja moja, nikazipanga vizuri kwenye karatasi kubwa. Nilijisikia mtaalamu. Nikampelekea Bibi, Babu Abrahamu amekaa pembeni amekamata kofia kwa mikono miwili. Bibi akavaa miwani, hakumaliza hata dakika. Kidole kikatua kwenye sura ya tano: mtu wa kifua, masharubu meusi yamechongwa pande mbili.

"Huyu hapa. Namkumbuka kama jana."

Babu Abrahamu alilia mbele yetu bila aibu. Nikamtengenezea picha kubwa ya fremu, akaitundika sebuleni. Na kwa kuwa kikao cha ukoo kilikuwa mwezi wa nane, nikaprinti fulana arobaini na mbili, kifuani sura ya mzee, chini maandishi: Ukoo wa Mzee Erasto, Mpuguso. Zilitoka safi mno. Nilizipiga picha nikaziweka kwenye kundi la ukoo, watu wakamiminika na pongezi.

Siku ya kikao ilikuwa baridi ya kutetemesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye parachichi, lakini watu wamevaa fulana juu ya masweta ili sura ionekane. Mbalaga iko jikoni kwenye masufuria makubwa, ndizi zetu za kupika na nyama, na Bibi amewekwa kwenye kiti cha mbele. Nilimwalika Winfrida wa Kiwira, yule dada wa Jackson, kumshukuru kwa picha. Akaja kachelewa, na gunia dogo la viazi kama zawadi. Akafika uwanjani, akasimama. Akatazama fulana yangu, akatazama ya mwenzangu, akazunguka na macho watu wote arobaini na mbili.

"Samahanini jamani," akasema. "Mimi nimekuja kwenye sherehe yenu, au ninyi ndio mmekuja kwenye yetu?"

"Kwa nini, dada?"

"Mbona mmemvaa babu yangu?"

Watu wakacheka, tukidhani ni utani wa Kiwira. Winfrida akatoa simu. Picha ya harusi, mtu yuleyule, masharubu yaleyale, sikio la kushoto lina pengo lilelile. Fundi mkuu wa lile kanisa, babu yake mzaa mama, kabisa kabisa. Kicheko kikaanza kuisha kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri simu ilivyopitishwa.

Ilipomfikia Babu Abrahamu aliitazama muda mrefu, akamrudishia mwenyewe kwa adabu, mikono miwili. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu kila nikiamka namwambia shikamoo baba. Kumbe namwamkia mtu wa Kiwira." Akavua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akaondoka kupitia mgombani. Hakuna aliyemfuata. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo ndipo mume wangu akafungua mdomo. Mume wangu anaitwa Medard, ni Mhaya wa Bukoba, anafundisha bayolojia sekondari, na ana tabia ya kuuliza swali wakati watu wote wameamua kunyamaza. Akachuchumaa mbele ya kiti cha Bibi, akauliza kwa upole kabisa:

"Bibi, lakini si mlikuwa mnajifunika? Uso wake uliuona lini?"

Jamani. Sisi sote tunaijua mila hiyo. Tumeichekea tangu utotoni, maharage mgongoni, kanga kichwani, yote. Na sisi sote tumesikiliza habari za masharubu. Hakuna hata mmoja wetu, miaka yote hiyo, aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ikabidi aje Mhaya.

"Sikuwahi," akasema Bibi. Akainuka, akaingia ndani, na mbalaga ya siku ile hakuionja.

Nyumbani nilimgombeza Medard mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye anamenya viazi vya Winfrida, anatulia tu, na hilo nalo linaudhi. Akasema, "Mke wangu, bibi hakudanganya. Kichwa cha mtu hakitunzi mambo kwenye kabati kwamba ukilihitaji jambo unalitoa lilivyo. Kila ukilikumbuka unalipika upya. Leo umekosa chumvi unaazima kwa jirani, kesho unaongeza kiungo, na mwishoni wewe mwenyewe unaapa ndiyo mboga uliyoipika siku ya kwanza." Nikamwambia aendelee kumenya viazi. Lakini yalinikaa. Maana mimi mwenyewe nilikuwa naapa kwamba Bibi alimsimamia baba yangu siku ya kipaimara akiwa na gauni la bluu, mpaka nikakumbuka wakati ule mimi sijazaliwa.

Kibaya ni kilichofuata. Mama mmoja alikuja kumuuliza Bibi tarehe ya kuzaliwa mume wake, anataka kufuatilia mafao. Bibi akamwambia, "Kaulize wengine. Mimi ni mwongo." Akafariki mzee mmoja jirani, familia ikaja kumwomba aseme maneno makaburini, akakataa, wasifu ukasomwa kwenye karatasi na majina ya watoto yakakosewa. Na Babu Abrahamu alikuwa hajakanyaga pale kwa siku tisa. Siku ya kumi nikasema basi, imetosha. Nikafunga duka, nikachukua ile bahasha, nikampitia Babu Abrahamu nyumbani kwake. Ukutani palipokuwa na ile fremu pamebaki msumari. Nikamburuta.

Tulimkuta Bibi barazani anachambua mboga. Babu Abrahamu akavua gambuti mlangoni kwa sababu ya tope, akakaa mbali kidogo, na soksi zake. Wakasalimiana kama watu wa ofisini.

"Nisamehe, Abrahamu," Bibi akasema, macho kwenye mboga. "Sikukusudia. Sauti yake ilikuwa nzito, nikajua mtu wa sauti ile lazima awe mrefu. Na yale masharubu," akasita, "yale nadhani ni ya baba yangu mimi. Ulikuwa mdogo, unalia usiku, unaniuliza baba yukoje. Nikakupa baba. Baadaye nikawa namwona kabisa, nikifumba macho yuko hapa."

"Sijakasirika, juba," akasema Babu Abrahamu, na ilikuwa wazi amekasirika, au ameumia, mimi sijui tofauti. "Nimechoka tu. Nilitaka kumjua."

Mimi sina subira, nikaingilia. "Lakini Bibi, miaka minane umekaa nyumba moja na mtu! Hukuona chochote? Ulikuwa unaona nini sasa?"

"Miguu," akasema Bibi.

"Miguu?"

"Ukichuchumaa umejifunika, unaona nini kingine? Unaona miguu inapita." Akaanza kuchangamka bila kujua. "Nilikuwa naijua kuliko ya mume wangu. Kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba, miguu yote miwili. Akikanyaga tope, alama ina vidole vinne. Asubuhi nikitoka naangalia kwanza njia. Vidole vinne vimeelekea mtoni, mimi naenda kwenye kuni. Vimeelekea shambani, nachota maji kwa raha zangu."

Babu Abrahamu aliinama, akavuta soksi ya kushoto, akavuta ya kulia. Mimi ni mjukuu wake na nilikuwa sijawahi kumwona miguu, daima yuko kwenye viatu au gambuti. Vidole vya pili vilikuwa vimelala juu ya vidole gumba, pande zote mbili.

"Mimi si nilikuwa nakuogesha?" Bibi akasema. "Nilikuwa najua wewe ni wa nani. Walipokuwa wanasema maneno yao, unadhani nilikuwa nawafukuza bure?"

"Na hukuniambia, juba? Miaka yote hii?"

"Ningesema nini mbele za watu? Kwamba nilikuwa namchungulia baba mkwe miguu?" Alikuwa ameona haya kweli, mwanamke wa miaka themanini na mbili. "Halafu hakuna aliyeniuliza. Wote mnauliza uso, uso, uso."

Mimi nilikuwa nimeshaganda na bahasha mkononi. Zile sura kumi na mbili nilizozikata kwa utaalamu wangu wote! Nilibakiza vichwa, miguu yote nikaitupa. Nikaitoa picha nzima, nikaiweka mapajani mwa Bibi, juu ya mboga. Kumi na wawili mbele ya ukuta. Babu yake Winfrida katikati, amevaa viatu, fundi mkuu. Waliobaki karibu wote peku.

Bibi akasukuma miwani. Kiganja cha kushoto akakilaza juu ya picha, akafunika watu wote kuanzia magotini kwenda juu, na kidole cha mkono wa kulia kikaanza kutembea chini, taratibu, jozi kwa jozi. Safari hii hakuwa na haraka. Akapita wa kwanza, wa pili, akarudi, akaendelea. Nilitaka kumsaidia na simu, nikuze, akanipiga kibao cha mkono. Alipofika wa mwisho kabisa, pembeni, alisimama. Akainamia picha mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Abrahamu, leta mguu."

Babu Abrahamu akasogeza mguu. Bibi akatazama mguu, akatazama picha, akatazama mguu tena.

"Ndiye," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau, na mkija kuniambia baadaye nimekipika, nitagombana na nyinyi. Bila kuinua kile kiganja aligeuza uso ukutani, akavuta kanga yake akajifunika kichwa na uso wote, halafu akamsogezea Babu Abrahamu picha kwa kupapasa. "Chukua," akasema humo ndani ya kanga. "Mwangalie wewe. Mimi siruhusiwi."

Babu Abrahamu aliipokea mikono miwili. Kuku walikuja wakala mboga, na hakuna aliyewafukuza.

"Juba," akasema hatimaye.

Kanga ikatikisika. "Haya, nieleze basi," akasema Bibi. "Miaka sitini na tano sijui. Yukoje?"

"Mfupi," akasema Babu Abrahamu. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka mpaka kwenye yale masharubu. "Mfupi, juba, amefika mabegani mwa mwenzake. Na hana masharubu hata unywele mmoja."